Fundi Mbaraka na Injini Iliyoahirisha Sherehe

Baada ya miaka thelathini na minane ya kazi, Fundi Mbaraka Jabiri alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Sherehe yake tunaifanya leo, Jumamosi tarehe 5 Julai, na wageni wetu wanastahili kujua kwa nini haikufanyika siku ileile.

Alijiunga na karakana ya ushirika wetu hapa Same mwaka 1987, akawa fundi mkuu mwaka 2004. Malori yetu yote yanayoshusha tangawizi kutoka milimani yamepita mikononi mwake. Ni mtu wa chai ya rangi na utani, lakini akianza kusaga valvu za injini ili zizibe sawasawa, redio huzimwa, hata kama Simba na Yanga wanacheza. Husikiliza dawa ya kusagia ikikwaruza. Mkwaruzo ukilainika, hupangusa, hutazama, hupaka tena. Dereva wetu Hellen humchokoza: "Fundi, hilo lori unalitengeneza au unaliposa?" Naye humjibu: "Likishindwa na mlima wa Mhezi, ndipo utamtafuta bwana harusi."

Akimaliza, hafungi injini. Hulaza hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ubavu, hujaza mafuta ya taa kwenye njia za hewa, kisha huenda msikitini. Akirudi akakuta valvu imelowa upande wa pili, basi inavuja, na kazi inaanza upya.

Ijumaa ile lori la Hellen lilikuwa kazi yake ya mwisho. Tangawizi ilikuwa imeshachimbwa Mhezi ikisubiri lori, na pilau ya sherehe iko jikoni. Fundi alitaka jambo moja tu: asiache nyuma injini anayoitilia shaka. Alipokwenda kuswali, tuliona mafuta yanapungua katika njia moja. Kassimu wa stoo, kwa mapenzi matupu, akajaza tena na kuifuta valvu kwa kitambaa. Hakuna aliyemzuia. Tulitaka mzee aende nyumbani ametulia moyo.

Fundi alirudi, akatazama, akapitisha kidole chini ya valvu, akakinusa: mafuta ya taa.

"Jamani," alisema, "mnanipenda vibaya."

Akavua kanzu, akavaa ovaroli.

Bushi inayoshika valvu ile ilikuwa imelika, kwa hiyo valvu iliyumba na haikukaa sawa kwenye kitako chake hata isagwe vipi. Bushi mpya ilifika kutoka Moshi Jumatatu. Pilau tulikuwa tumeshaila, bila hotuba. Jumanne alisaga upya, akajaza mafuta, nasi tukakaa naye kuyalinda. Safari hii alimwita Kassimu apitishe kidole. Kilitoka kikavu.

Juzi Hellen alimpigia Fundi simu akiwa Mhezi, mzigo umepakiwa, akasema lori limepanda mlima wote bila kukohoa. Fundi akairudisha simu mezani. "Haya," akasema, "sasa nimestaafu."

Asante, Fundi Mbaraka, kwa kuikataa zawadi yetu ya Ijumaa. Mungu akujalie afya na siku nyingi za raha huko kwenu Kwakoa, wewe na wote wa nyumbani.