Sista Hamdia na Neno "Kukata"

Tarehe 30 Juni, Sista Hamdia Abdinajib anavua sare baada ya miaka thelathini na moja ya kuwauguza wanawake wa Isiolo. Sheria inasema apumzike. Tunaomjua tunasema sheria imepata mpinzani.

Ni mzaliwa wa mtaa wa Bulla Pesa, hapa mjini. Alianzia wodi ya kujifungua, akiwa na Kisomali cha nyumbani, Kiborana cha mtaani na Kimeru cha kutosha kupunguziwa bei ya viazi sokoni. Chai yake ina sukari ya kuogofya. Hamgombezi mtu; hukohoa tu, mara moja, na kila mwenye kosa hujijua. Madaktari wapya hukiogopa kikohozi hicho kuliko mkaguzi yeyote.

Alipohamishiwa kliniki ya kina mama, lililomnyima raha ni kuchelewa. Majibu ya maabara yalionyesha saratani ya titi, lakini wagonjwa walikaa miezi kabla ya kufika Meru kutibiwa. Sote tulilaumu umbali, ukame na waume walio mbali na mifugo. Hayo yapo, lakini lilikuwepo na kosa letu.

Majibu ya Sabdio, mama mmoja wa kijiji cha Korbesa, yalipotoka mabaya, simu yake haikupatikana. Hamdia akadandia gari la chanjo akamfuata. Alikuta mbuzi amechinjwa, kina mama wanasoma dua, naye akapokewa kama bibi harusi. Sabdio akamwekea sahani ya nyama, uso umejaa furaha: "Sista, si nyinyi mlikata ule ugonjwa mkatoa? Mimi nimepona. Kula!"

Hamdia alikumbuka maneno yake mwenyewe pale kliniki: tunakata kanyama kadogo tupeleke maabara. Yeye alisema kupima, Sabdio akasikia kupona. Akamwita kando, akamweleza kwa Kiborana, wakalia wote wawili. Shemeji yake Sabdio akataka wangoje mume arudi na ngamia. Hamdia akakohoa. Jioni hiyo gari lilirudi mjini na Sabdio ndani, na wiki hiyo hiyo alianza matibabu.

Aliporejea alitukusanya, akakiri kosa bila kulipamba, na neno "kukata" likafa. Siku hizi tunasema tumeonja tu, chungu bado kiko jikoni. Wala hakuna mama anayeondoka kabla hatujajua nani nyumbani atapokea ujumbe, na kabla mume hajaelezwa, hata kama ni kwa simu ya mwenye duka. Wengi sasa wanafika Meru ndani ya wiki chache. Wale waliochelewa kabla ya hapo, Hamdia huwaombea dua kwa majina. Hajawasahau, na tunampenda kwa hilo pia.

Kuanzia Julai kiti chake kitakaliwa na muuguzi Kajuju, ambaye ameanza kufanya mazoezi ya kukohoa. Kando yake atakuwepo Sabdio, anayejitolea kila siku ya kliniki. Mama akitoka kuonjwa akiwa na hofu, Sabdio humshika mkono, akauweka kifuani pake upande usio na titi, akamwambia: "Hapa ndio nilikatwa kweli. Na niko."

Asante, Sista. Mwenyezi Mungu akupe afya, wajukuu watundu na asubuhi za kulala hadi jua likuchome usoni. Ukishtuka ukidhani umechelewa kazini, lala tena. Wale uliowafuata wapo.