Mto Uliomfuata Mzee Topgyal

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na shemeji yake, Gaudens, Etterbeek, Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, kabla ya mwili kupelekwa kuchomwa.

Marehemu Mzee Topgyal alizaliwa mwaka 1951, ambao Watibeti huuita mwaka wa Sungura wa Chuma, katika kijiji kilicho karibu na kivuko cha Samye, Tibet ya kati. Siku na mwezi hakuna aliyeviandika. Hiyo tarehe 1 Januari mnayoiona kwenye jalada la ratiba aliwekewa na karani hapa Brussels. Kila Mwaka Mpya alipopigiwa simu za kupongezwa alisema asante, kisha akaninong'oneza kwamba huyo anayepongezwa yeye hamjui.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Baba yake, Mzee Samdup, alikuwa mwendesha mtumbwi. Mitumbwi ya huko haichongwi kwenye gogo. Ni ngozi za yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, zilizoshonwa pamoja na kuvikwa juu ya fito. Mtumbwi wa namna hiyo unateremka vizuri lakini hauwezi kupanda, maana mkondo ni mkali. Kwa hiyo Mzee Samdup alishusha watu na mizigo, akauanika mtumbwi, akaubeba mgongoni na kurudi kwa miguu, huku kondoo mmoja akimfuata na chakula cha safari. Habari ya huyo kondoo sikuiamini miaka mingi. Niliiamini siku Agape, binti wa marehemu, aliponionyesha picha ya kondoo kama huyo.

Mto wenyewe unaitwa Tsangpo, na nisipoueleza nitakuwa nimesoma wasifu wa mtu mwingine. Watibeti husema unatoka kinywani mwa farasi, kwani ndivyo wanavyokiita chanzo chake, kule magharibi, karibu na mlima wa theluji ambao mahujaji huuzunguka kwa miguu. Kutoka hapo unakwenda mashariki zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita. Unapita Shigatse, unapita Samye, unapita bonde la Yarlung walikotoka wafalme wao wa kwanza. Ukifika mlima Namcha Barwa unajikunja ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, na kugeukia kusini kupitia makorongo ya Pemako. Waumini wao husema nchi hiyo ya Pemako ni mwili wa mungu wa kike, na mto ni mshipa wake mkuu. Ukiingia India unaitwa Siang, halafu Brahmaputra. Bangladesh wanauita Jamuna, kisha unaungana na mito mingine hadi baharini. Marehemu hakuyatumia majina hayo. Kwake yeye wote ulikuwa Tsangpo, toka mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1959, vita vilipofika kwao, akiwa na miaka minane, alikimbia na baba yake kuvuka milima hadi kambi ya wakimbizi ya Missamari, jimbo la Assam. Joto la huko liliwaua wengi waliozoea baridi. Walipopelekwa siku moja Tezpur, mtu aliwaambia kwamba ule mto mpana waliouona, ambao ng'ambo yake ilikuwa ukungu mtupu, ndio uleule unaopita kwao. Mzee Samdup hakuwa mtu wa kuambiwa. Alishuka hadi ukingoni, akachota kwa kiganja, akaonja, akamwambia mwanawe, "Ni wetu. Umechafuka njiani tu." Agosti mwaka huohuo alifariki kwa homa, na majivu yake yakatiwa pale Tezpur.

Kuanzia mwaka 1960 marehemu alisoma shule ya watoto wa wakimbizi huko Mussoorie, kaskazini mwa India. Alipomaliza mwaka 1967 alikwenda Darjeeling kujifunza kazi ya ngozi, kwa sababu, alisema, mikono yake ilikuwa inaijua tayari. Alifika Ubelgiji tarehe 11 Septemba 1994 na kupata hati zake mwaka 1997. Mwaka 1999 alifungua kibanda cha kushona viatu mtaani Saint-Josse, akakiendesha hadi mwaka 2021.

Hapo ndipo alipojifunza Kiswahili, na alijifunza kwa wateja wake Wakongo. Maman Mujinga, ambaye yupo hapa nasi, alikuwa anaingia na kumwambia, "Papa Topgyal, kiatu ya mutoto iko wapi? Ulisema demain, kesho. Bon, demain ilishapita mara tatu!" Naye, bila kuinua kichwa, "Maman, muzuri haikimbiake." Kweli hakukimbia. Lakini kiatu alichokishona yeye hukukirudisha tena.

Mimi ndiye niliyempelekea viatu vyangu vya kazi, nilipokuwa dereva ubalozini, nikamtuma dada yangu Clementina kuvichukua. Vilichukua majuma matano kupona, na kila juma ilibidi aende kuulizia. Nilichelewa kushtuka. Walifunga ndoa katika ukumbi wa manispaa ya Etterbeek tarehe 15 Juni 2002, na tarehe 4 Mei 2004 wakabarikiwa binti, Agape.

Mwaka 2006 tulimpeleka kwetu Kyaka, mkoani Kagera, kumtambulisha. Wazee walijiandaa kwa mkalimani. Marehemu akasimama, akasema, "Jambo yenu, bababa. Miye niko Topgyal, bwana ya Clementina." Mjomba wetu akanivuta kando na kuniuliza kwa nini tuliwaficha kwamba shemeji ni mtu wa Bukavu. Kesho yake marehemu aliomba kupelekwa mto Kagera. Alichota kiganja kimoja, akaonja, akauliza maji haya yanaishia wapi. Nilipomwambia yanaingia ziwani, kisha Nile, mpaka Misri, aliuliza kama watu wa Misri wanatujua. Nilimjibu sidhani. Alisikitika kwa dhati, na tumbo likamsumbua siku mbili.

Kurudi kwao Tibet hakuwahi. Aliomba viza mara nne, na mara zote nne alikosa.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwatengenezea wauguzi mikanda ya saa. Julai mwaka huu redio ilipotangaza kwamba ujenzi wa bwawa kubwa la umeme umeanza kule mto unakojikunja, aliomba redio izimwe, na siku hiyo hakula.

Jumapili tarehe 12 Oktoba alituita akatuambia kwamba akifa achomwe, na majivu yatiwe Tsangpo, pale Tezpur. Hapa lazima niseme lililotokea, maana nisiposema mimi atasema mwingine. Nilikataa. Sisi Wahaya mtu tunamzika kibanjani, kati ya migomba yake, wajukuu wapaone. Nilimwambia maji hayapandi; akitiwa Tezpur atapelekwa Bangladesh, hatafika kwao hata kwa bahati mbaya. Nikaongeza neno ambalo sikupaswa kuliongeza: "Shemeji, wewe huna hata kwenu pa kuzikwa. Tuachie sisi tukuzike."

Clementina alitoka chumbani. Marehemu hakukasirika. Alisema, "Beau-frère, shemeji, miye najua sitarudia kule. Lakini maji ya kwetu inapitaka pale kila siku. Inakuyaka yenyewe, sans visa, bila kuomba mutu ruhusa."

Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa. Niliondoka na kiburi changu na sikurudi kumwona. Alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 30 Oktoba, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Jumatatu, bila kumwambia dada yangu, nilikwenda ofisi ya makaburi kuchukua nafasi. Karani, mama mpole sana, akanionyesha ramani, nikachagua pembeni penye mti. Akaniambia kwa Kifaransa, "Ni kwa miaka kumi na mitano, bwana."

Nikauliza, "Na baada ya hapo?"

"Mnaongeza muda. Msipoongeza, tunaondoa."

"Mnaondoa nini?"

"Kila kitu, bwana."

Miaka thelathini na moja nimeishi nchi hii na sikuwahi kujua kwamba kaburi lina mkataba kama nyumba ya kupanga. Nilikaa kwenye lile benchi la ofisi nikawa nahesabu: Agape atakuwa na miaka thelathini na sita. Nilikuwa nakwenda kumpangishia shemeji yangu mahali, mtu aliyefukuzwa mara moja tayari. Yeye alijua kwao ni wapi. Asiyejua nilikuwa mimi. Nilirudi kwa dada yangu nikamweleza, naye akanipa chai. Marehemu sikumwomba radhi akiwa hai. Namwomba leo, mbele yenu nyote. Shemeji, nilikukosea.

Watawa wa Kibudha wanaendelea kumsomea sala mpaka siku ya arobaini na tisa, tarehe 17 Desemba. Misa itakuwa Jumapili ijayo. Februari, mwaka mpya wa Kitibeti ukishapita, Clementina, Agape na mimi tutampeleka Tezpur. Mfuko wa majivu nitaubeba mimi.

Marehemu ameacha mjane, Clementina, binti, Agape, shemeji, Gaudens, na dada yake, Dolkar, aliyebaki Samye mwaka 1959 akiwa na miaka kumi na minne, ili kumtunza bibi yao. Waliongea kwa simu mara ya mwisho Machi 2008, na tangu hapo namba ile haiiti. Hatukupata njia ya kumpa taarifa hii. Kama yu hai ana miaka themanini, na maji yanayopita mbele ya mlango wake leo, siku moja yatapita pale alipo mdogo wake.

Shemeji, hatukuambii upumzike. Uende kwa amani.