Reuben Thwaite, Aliyepaza Sauti kwenye Ua wa Nora Metcalf

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Skelby, na ninyi wawindaji wa mbweha wa Chama cha Msako mliokuja na makoti yenu meusi, familia inawashukuru kwa kuufikia mlango huu katika baridi ya Novemba, na kwa kuwa mbele ya jeneza hakuna mkubwa wala mdogo, inawaomba mzisikilize hadi mwisho habari za mtu huyu kama zilivyokuwa, si kama zilivyosemwa.

Marehemu Reuben Thwaite alizaliwa tarehe 3 Mei 1941, katika nyumba iliyo karibu na daraja la Skelby, akiwa mtoto wa nne wa Jabez Thwaite, mjenzi wa kuta za mawe, na mkewe Tabitha, watu wa kanisa hili, waliomlea kwa Neno na kwa jasho. Alisoma katika shule ya kijiji tangu mwaka 1946 hadi 1956, akazijua zaburi nyingi kwa moyo, ingawa kila baragumu la msako lilipolia mlimani macho yake yalihamia dirishani, na fimbo ya mwalimu haikuweza kuyarudisha.

Mwaka huohuo wa 1956 aliajiriwa na Chama cha Msako, akiwapikia mbwa uji na nyama na kufagia mabanda yao, na baada ya miaka kumi na miwili ya utumishi akakabidhiwa baragumu la shaba na kufanywa kiongozi wa mbwa. Wote mnaijua kazi hiyo ilivyo, kwamba siku za kawaida mwenye nayo ni mtumishi wa kuagizwa, lakini siku ya msako hutangulia mbele ya wenye mashamba na wenye vyeo, wala hapana anayeruhusiwa kumpita. Reuben aliwajua mbwa wake wote kwa majina, nao waliijua sauti yake kama kondoo waijuavyo ya mchungaji.

Tarehe 10 Juni 1967 alifunga ndoa takatifu na Enid Raistrick, hapa hapa mbele ya meza hii, na Mungu akawajalia watoto wawili, Judith, aliyezaliwa mwaka 1970, na Mark, mwaka 1974, wote katika nyumba ya Chama iliyoambatana na kazi yake.

Ipo siku moja ambayo kijiji hiki kiliifanya kuwa maisha yake yote, nayo ni Jumamosi, tarehe 11 Februari 1978. Asubuhi ile wapanda farasi walikusanyika mbele ya baa kama ilivyo desturi, wakinywa mvinyo katika bilauri ndogo bila kushuka, na mmoja wao akamtania, "Reuben, mbwa wako wamelegea leo, umewalisha uji au mahubiri?" naye akajibu, "Yote mawili, bwana, ila mahubiri wamelala katikati, kama wewe Jumapili," wakacheka wote, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Verity, msichana wa miaka kumi na tisa, binti pekee wa Mkuu wa Chama, Meja Gervase Tolland.

Katika bonde letu mkulima huondoa waya wa miba kwenye ua wake majira ya msako, ili farasi waweze kuruka salama, na asiyeweza kuuondoa hukiarifu Chama. Nora Metcalf, mjane, mwaka ule aliuacha waya kwenye ua wake wa chini kwa ajili ya kondoo waliokaribia kuzaa, na Jumatano kabla ya msako alimwendea Meja mnadani akamwambia, "Meja, ua wa chini una waya, waambie watu wako wasije wakajiumiza," naye akamjibu, "Nimekusikia, Bibi Nora, usiwe na shaka." Meja akasahau, hakumwambia mtu, na hilo peke yake lilikuwa kosa la mwanadamu, linalosameheka.

Mchana ule mbweha aliteremka kuelekea ua uleule, mbwa wakapenya chini yake, na Reuben aliyewafuata akaona chuma kikimeta ndani ya michongoma, akamgeuza farasi wake kwa nguvu, akapaza sauti, "Waya." Sheria ya msako haina utata hapa, kwamba anayelisikia neno hilo hulipaza kwa aliye nyuma yake, na huyo kwa anayemfuata, hadi limfikie wa mwisho, maana uhai wa wote umewekwa katika ndimi za wote. Aliyekuwa nyuma ya Reuben ni Meja Tolland, naye alisikia, na katika kusikia akakumbuka mnada na ahadi aliyompa mjane, na kwa aibu akamgeuza farasi wake kuelekea langoni bila kulipaza neno, kana kwamba alikuwa ameamua tu kupita huko.

Verity alimwona baba yake akigeuka, akamwambia rafiki aliyekuwa kando yake, "Mtazame mzee wangu, ua mdogo hivi na bado anatafuta lango kama bibi kizee," akacheka, akamtia mbio farasi wake jike, akauendea ua. Waya uliikamata miguu ya mbele, farasi akapinduka juu yake, na msichana yule hakuamka tena. Farasi naye alivunjika miguu, ikabidi apigwe risasi palepale, na kwa desturi nyama ya farasi wa namna hiyo hupelekwa kwa mbwa, lakini Reuben aliikataa desturi, akamzika kwa mikono yake nyuma ya mabanda, akisema, "Mbwa wangu hawatamla aliyekufa na mtoto wa watu mgongoni," na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho katika Chama.

Mbele ya hakimu aliyechunguza kifo kile, Meja alisema kwamba habari ya waya alimpa kiongozi wa mbwa, na kwamba kwenye ua hakusikia sauti yoyote, na walio nyuma yake wakasema nao hawakusikia, bila kudanganya, kwa kuwa neno lilikufia kinywani mwa mtu mmoja. Reuben alipoulizwa kama alipaza sauti alijibu, "Nilipaza," na alipoulizwa ni nani awezaye kushuhudia, alimtazama Meja aliyekaa na kofia ya bintiye magotini, akasema, "Sina la kuongeza." Basi akawa kama yule mbuzi wa kitabu cha Mambo ya Walawi, aliyebebeshwa dhambi ya kambi nzima akapelekwa nyikani, na kabla ya Pasaka alinyang'anywa baragumu na nyumba, na yeye aliyejua shimo la kila mbweha bondeni akakosa mahali pa kuwalaza watoto wake.

Tangu mwaka 1978 hadi 2006 alifanya kazi ya barabara, akizibua mitaro na kumwaga chumvi juu ya barafu, na kwa miaka hiyo yote, alipoagiza kinywaji au kumsalimu mtu, hakukosekana wa kumtania, "Sema kwa sauti, Reuben, hatukusikii." Baadhi yenu mliosema hivyo mmo humu, nanyi mnajijua, na familia haiwataji, kwa kuwa mwenyewe hakuwataja.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2015 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Tarehe 14 Oktoba Meja Tolland, ambaye sasa ni mzee sana, alifika wodini akiegemea fimbo, Enid akiwapo, akasema, "Reuben, siku ile nilikusikia." Marehemu akamjibu, "Najua, Meja, nilikuona ukigeuza kichwa." Meja akauliza, "Sasa mbona hukusema?" naye akasema, "Ulikuwa na jeneza la mwanao la kubeba, nisingeweza kukuongezea na hilo." Meja akalia kama Daudi alivyomlilia Absalomu. Kisha Reuben akamwomba jambo moja tu, akisema, "Mimi nimebeba, lakini wanangu wana jina langu, siku ya kunizika simama kanisani uwaambie watu," na Meja akamshika mkono akasema, "Nitasimama."

Reuben alilala katika Bwana Jumanne, tarehe 17 Novemba 2015, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, na ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Kile kiti cha mbele mnachokiona kitupu kiliwekwa kwa ajili ya Meja. Leo asubuhi dereva wake ameleta shada la maua, baragumu la shaba alilonyang'anywa marehemu, na ujumbe kwamba baridi haimfai kifuani, ingawa jana alionekana barabarani akiwatazama mbwa wakipita. Ndiyo maana familia imeyasema hapa yenyewe, kwa ushahidi wa marehemu na wa mkewe, kwa kuwa Maandiko hulithibitisha neno kwa mashahidi wawili. Haimlaani mzee yule, maana alizika mtoto kwa ukimya wake, na hakuna hakimu angeweza kumpa adhabu kubwa zaidi, wala mlango huu haujafungwa mbele yake, na kaburi halitafukiwa kwa haraka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wafanyakazi wenzake wa barabara waliokula naye mkate wakati wengine waliona haya kukaa naye, majirani walioleta kuni na mchuzi, na Bibi Nora Metcalf, mwenye miaka tisini na moja, aliyemwamini tangu siku ya kwanza, ambaye amekuja kwa miguu.

Ni desturi yetu kiongozi wa mbwa azikwe kwa mlio wa baragumu, ule wa kuwaita mbwa warudi nyumbani, na kijana aliyeshika nafasi yake sasa amejitolea kuupiga. Tunamshukuru, lakini tunamwomba aliache baragumu lilale juu ya jeneza kama lilivyo, kwa maana Reuben alikwisha kupaza sauti mara moja, kwa wakati wake, nayo ilitosha.

Ulisikika, Reuben. Pumzika kwa amani.