Nafasi ya Tembo

Ukungu wa asubuhi ulifunika barabara ya Nkungu. Ndani ya taksi yetu, kijana anayesomea mambo ya msitu alimweleza Maman Odette, muuza asali: “Tembo kazi yabo ilikuwa kufungua njia. Sasa balikwisha, nafasi yabo imebakia tupu.”

“Tupu? Bwana yangu juzi alikuta mavi yabo kwa njia, ingali ya moto. Hataki tena kurudi mu msitu kutafuta asali.”

“Maman, nafasi ninayosema ni wazo ya masomo tu, si pahali.”

“Wazo inaacha mavi?”

Kijana alicheka, peke yake.

Tulipofika pale njia ya zamani ya tembo inapokatiza barabara, dereva alisimama, akazima injini, kama wanavyofanya madereva wote huku, akangoja kuwapisha tembo. Barabara ilikuwa tupu. Matawi yalisikika yakivunjika upande wa kushoto, kisha upande wa kulia.

Kijana ndiye aliyefunga dirisha.