Anayepanda Kinyumenyume

Benchi la mbele ya duka la kinyozi alilitengeneza Randa mwenyewe, seremala, na kila asubuhi huja kunywa kahawa akiwa amekaa mwisho wake, upande wa barabarani. Mkewe alipofariki, mwezi wa pili sasa, wenzake wa benchini walimwachia nafasi ile ile wakaendelea kubishana kama kawaida, naye akawashukuru moyoni kwa hilo. Asubuhi hiyo alikuja na simu mkononi. Mwanawe wa pekee, mpiga kamera, alikuwa amemtumia kipande cha mazoezi ya jana: watu wawili wanapigana kwa ngumi na mateke huku wakipanda ngazi za jengo ambalo halijaisha. Picha yenyewe ingepigwa leo saa nne. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

— Lete tuone, alisema Kinyozi, ambaye runinga yake huonyesha filamu za kupigana mchana kutwa. Haya, mmeona kamera inavyotikisika? Ikitikisika, na moyo wako unatikisika. Hofu yote iko pale.

— Wacha wewe! alisema Mzee Pazia, aliyewahi kuonyesha picha katika jumba la sinema. Zamani kamera ilisimama wima kama mlinzi. Mtu unamwona kuanzia unyayo hadi utosi. Teke unajua linakotoka na linakokwenda. Siku hizi wanaitikisa kuwaficha wasiojua kupigana.

— Mzee, ilisimama kwa sababu ilikuwa nzito!

— Nzito? Kule kutulia ndiko kulikotisha! Wawili wanatazamana, kamera haiendi popote, mpaka unamwomba mmoja wao ajikune tu angalau.

— Basi nisikilize mimi, alisema Kinyozi. Kamera ikimsogelea yule mwalimu wa mapigano polepole, uso ukajaa kioo kizima, huyo hafiki mwisho wa filamu. Nimechunguza miaka kumi na mmoja.

— Na ikimzunguka?

— Ikimzunguka, anashinda. Ila ni hatari kwa watazamaji. Juzi mteja wangu alitazama ya kuzunguka akapata kizunguzungu, nikamnyoa nyusi.

— Sema mkono wako ndio mbaya!

Walicheka. Randa alitabasamu kidogo, basi. Kipande kile alikuwa amekitazama mara sita tangu alipomaliza sala ya alfajiri, na kila mara jicho lake lilikwama pale pale. Wapiganaji walikuwa wanapanda wakiitazama kamera. Maana yake mwanawe alikuwa juu yao, anapanda kinyumenyume, jicho limebanwa kwenye mashine. Alikwisha kumpigia mara tatu. Simu imezimwa, kazini kwao huzizima.

— Hii ya kurudi nyuma, hata mimi naikubali, alisema Mzee Pazia. Unajiona wewe ndiye unayefukuzwa.

— Leo hawakati, Randa alisema taratibu. Chini mpaka juu, ghorofa tatu, kwa mkupuo mmoja. Na vile vishikio vya mbao nilivyowapigilia ngazini wiki jana, wameving'oa. Eti vinaharibu picha.

— Hapo sawa kabisa! Bila vishikio hofu inazidi...

Kinyozi aliishia hapo.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja aliyekuja kumuuliza Randa habari ya dirisha lake. Aliinama, akaitazama simu.

— Samahanini, kaka zangu. Huyu anayepiga picha, nyuma yake yuko nani wa kumshika?

 

— Nyuma ya kamera, mama... alisema Mzee Pazia akitazama ndani ya kikombe. Nyuma kwa kweli huwa hakuonekani.

Randa alikuwa ameshasimama. Midomo yake ilikwenda bila sauti: Ee Mola, mmoja umemchukua na sikukulaumu. Huyu niachie.

— Nipe funguo za pikipiki yako, alimwambia Kinyozi.

Kinyozi alizitoa mfukoni.

— Unakwenda kufanya nini, ndugu yangu? aliuliza Mzee Pazia. Watakufukuza, utawaharibia picha.

— Nakwenda kumshika mkanda kwa nyuma, alisema Randa, na pikipiki ikawaka.