Candida Melkiori na Kitambaa cha Nadhiri Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliotusindikiza hadi hapa makaburini, tunawaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya dada yetu mpendwa, Candida binti Melkiori, ambaye Mungu amemwita akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Marehemu alizaliwa Bagamoyo tarehe 4 Oktoba 1896, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Melkiori, mtunza bustani wa misheni, na mama Kuruthumu, ambaye alibatizwa siku moja na binti yake huyo. Mdogo wake ni mmoja tu, naye ndiye aliyeandika maneno haya.

Mwaka 1905 alianza kusoma kwa Masista. Alijifunza kusoma, kuandika na katekisimu, na katika hayo alikuwa mwepesi. Lililomshinda lilikuwa darasa la ushonaji, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Mwalimu alikaa ubavuni pake akamwonyesha kwa mkono wa kulia, naye akavuruga kila alichoonyeshwa. Mwisho alitolewa darasani akapelekwa kufua. Mama yetu alisema baadaye kwamba Candida alirudi nyumbani siku hiyo bila kulia, akasema tu, "Basi mimi ni wa maji na sabuni."

Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Baada ya vita, mwaka 1919, alikuja Dar es Salaam akaajiriwa kufua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu. Kwa miaka mingi alitia wanga na kunyoosha vitambaa vya meza vilivyofumwa kwa uzi mwembamba, kazi za mikono ya watu wengine. Hakuunguza hata kimoja kwa pasi yake ya mkaa. Wala hakujua hata kimoja kilivyoanza.

Jumamosi ya tarehe 14 Mei 1921 alifunga ndoa takatifu na Severini, seremala wa reli, wakapanga chumba Kariakoo, upande wa Msimbazi. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wawili aliwaita wakiwa wachanga. Wa tatu, Mektilda, alizaliwa Februari 1925.

Mwaka 1932 Mektilda aliugua surua, ikamwingia kifuani. Siku ya sita mtoto hakumtambua tena baba yake. Candida alipiga magoti mbele ya sanamu ya Mama Maria kanisani akaweka nadhiri: mtoto akipona, atamfumia Mama Maria kitambaa cha kuweka chini ya miguu yake, kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akapona.

Nadhiri ikabaki. Shemeji yetu Severini alimshauri anunue kitambaa kizuri dukani kwa Wahindi, akamwambia Mama Maria hatauliza kimetoka wapi. Marehemu alimjibu kwamba hakuahidi kitambaa, aliahidi mikono. Miaka mitatu ilipita, na kila Jumapili alikaa upande wa pili wa kanisa, mbali na sanamu ile, kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Mwaka 1935 ndipo alipovuka barabara kwenda barazani kwa jirani yetu Bi Zamda, ambaye watu wote wa mtaa wetu wanamjua kwa kimia anachofuma kwenye foronya za maharusi. Bi Zamda alimtazama mikono, kisha badala ya kukaa ubavuni pake akahamisha mkeka akakaa mbele yake, uso kwa uso. Akamwambia atazame tu kama anayejitazama kwenye kioo. Mkono wa kulia wa mwalimu ukaelekeana na wa kushoto wa mwanafunzi. Kilichoshindikana miaka thelathini kikawezekana alasiri moja.

Hata hivyo mwanzo ulikuwa mgumu. Mikono iliyozoea kukamua shuka ilivuta uzi mpaka ile sindano yenye ndoana haikuweza kupenya tena kwenye kitanzi. Bi Zamda alimwuliza, "Shoga, unafuma au unakamua?" Baraza zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Bi Zamda alimfundisha kwamba kitambaa cha duara hutaka kuongezwa: mahali pengine unatia vitanzi viwili katika tundu moja, na kila mzunguko unahesabu upya pa kuongeza. Candida akaona hesabu anayo tayari. Akasali Rozari huku akifuma, kila kitanzi Salamu Maria moja, na kila alipomaliza Salamu kumi akafika Baba Yetu, akaongeza. Alifuma hivyo peke yake wiki tatu, asimwonyeshe mtu. Kumbe katikati kumi zilikuwa nyingi mno, kitambaa kikajikunja kama bakuli. Na kilipokua, kumi zikawa chache, pembezoni pakafanya mawimbi. Alipokipeleka barazani, Bi Zamda alikigeuza juu chini, akakivaa kichwani, akasema, "Mama Mektilda, hii ni kofia ya Bwana Shauri, Mzungu wa bomani."

Wakacheka tena. Lakini Bi Zamda aliposhika uzi ili akifumue, Candida alimzuia mkono. Akamweleza kwamba kila kitanzi kina sala ndani yake, na sala aliyokwisha kupewa Mungu hainyang'anywi.

Bi Zamda aliuachia uzi. Kisha akasema, "Mimi udhu ukinitenguka katikati ya sala, narudi kutawadha, naanza tena. Mungu hajaniambia nimemwibia. Fumua, mwenzangu. Alizozisikia amekwisha kuzisikia."

Marehemu alikifumua mwenyewe, polepole, akiukunja uzi kwenye donge. Tangu siku ile alisali kwanza, ndipo akahesabu vitanzi kwa hesabu ya vitanzi. Alifumua mara nyingine nne. Uzi ulichakaa, akanunua mwingine. Kufika Krismasi ya 1936 duara lake lililala juu ya meza bila kuinua ukingo.

Wakati huo kikohozi kilikuwa kimekwisha kuanza. Mwaka 1937 waganga wa hospitali walituambia ni kifua kikuu. Aliacha kufua, lakini hakuacha kufuma. Homa ilipopanda vitanzi vililegea. Ilipomwachia asubuhi alivitazama, akavifumua, akarudia. Siku nyingine alifuma mizunguko miwili. Siku nyingine kitanzi kimoja. Mwezi uliopita Bi Zamda, kwa huruma, alimwomba amruhusu amsaidie mzunguko wa mwisho. Alimjibu kwa sauti ndogo, "Utanifungia uzi tu, Bi Zamda. Kufuma niachie."

Alhamisi tarehe 10 Machi 1938, asubuhi, akiwa amekwisha kupakwa Mafuta Matakatifu na Padri, alimwomba Mektilda amwekee kitambaa mkononi. Alifuma vitanzi vitatu. Cha nne kilibaki kwenye ndoana, naye akalala usingizi ambao haukuwa na kuamka.

Pamebaki pengo la shibiri moja katika ukingo. Bi Zamda alikuja, akatoa sindano taratibu, akafunga uzi kwa fundo moja kama alivyoagizwa. Hakuongeza kitanzi. Padri ametuambia kwamba nadhiri imepokelewa, na Jumapili kitambaa kitawekwa chini ya miguu ya Mama Maria.

Kwa hiyo tunawaomba akina mama wanaopamba kanisa: mtakapoona pengo lile, msidhani ni panya, wala mtu asilizibe kwa wema wake. Kiacheni kama alivyokiacha.

Marehemu ameacha mume, Severini, aliyemtengenezea jeneza hili kwa mikono yake. Binti mmoja, Mektilda, mwenye miaka kumi na mitatu. Mama mzazi, Kuruthumu. Na mdogo wake mmoja. Ameacha pia Bi Zamda, ambaye si wa damu yetu wala wa dini yetu, lakini hatuwezi kumaliza kuhesabu waliofiwa bila kumtaja.

Ee Bwana, umpe Candida raha ya milele, na mikono yake sasa ipumzike. Amina.