Kisu cha Mashine ya Mkonge

Kwenye Landrova ya abiria ya kwenda Chome nilikaa nyuma ya Mzee Bartholomeo, fundi wa shamba la mkonge lililofungwa. Alikuwa anakunja kibati kwa plaizi, anaunda mfano mdogo wa mashine yake ya kusindika mkonge wajukuu waione.

“Shikamoo mzee. Plaizi ina meno, inaharibu bati,” alisema mnunuzi wa vyuma chakavu pembeni yake. “Kunjia hapa.” Akampa chuma bapa kilichonyooka.

“Marahaba.” Mzee akakipapasa. “Hiki kisu cha mashine yangu!”

“Tuliikatakata mwaka juzi. Iliuzwa.”

“Iliuzwa? Mimi nasubiri spea miaka sita!”

“Lakini kinakunja vizuri, mzee.” Hapo hakudanganya, ila mzee alirudia plaizi yake.

Gari liliposimama, mzee alimrudishia mnunuzi kile kisu, akashuka na plaizi. Kile kibati kilikuwa kimejaa alama za meno.